Daraja C ni C ya wapi? Hesabu na ugomvi wa kupanga viwango katika hoki ya barafu ya watu wazima

Tuseme unaishi Minneapolis, Toronto au Edmonton. Ulienda kwa masomo au kwa kazi, baridi umeshaizoea, na mwenzako mmoja kazini amekualika kwenye timu yake ya hoki ya barafu inayocheza Jumanne usiku. Umejifunza kuteleza, umenunua viatu na gongo vya mtumba, na leo umefungua fomu ya kujiandikisha. Baada ya jina na tarehe ya kuzaliwa linakuja swali: wewe ni daraja gani? A, B, C, D, au ndo kwanza unaanza?

Hapo wengi hubahatisha, na kubahatisha kuna bei yake. Ukijipandisha mno, umelipa mamia ya dola ili ukae msimu mzima unakimbiza watu usiowafikia, huku wenzako wameanza kukunyima pasi bila kukuambia kwa nini. Ukijishusha mno, unawaharibia usiku wao watu kumi na tano wa upande wa pili, ambao nao wamelipa. Na katikati ya hayo mawili kuna suala la mwili: mtu mwenye kasi na mtu asiyejua kufunga breki wakikutana kwenye barafu, mmoja anaweza kwenda kazini kesho yake na mkono ukiwa kwenye plasta.

Swali linaonekana dogo, la kwenye fomu tu. Lakini sisi tunaosoma takwimu tunaliona ni swali tamu sana: unampimaje mtu uwezo ambao hauna rula? Hebu tulichambue.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa asiyeujua: kila timu inaweka watu sita kwenye barafu, watano wanaoteleza na kipa mmoja. Uwanja wa Amerika ya Kaskazini una futi 200 kwa 85, yani kama mita 61 kwa 26. Viwanja vinne vya namna hiyo vinaenea ndani ya uwanja mmoja wa mpira wa miguu. Kinachogombewa ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito usiozidi gramu 170. Wachezaji hubadilishana kwa zamu fupi, kila baada ya dakika moja hivi au chini yake, kwa sababu mapafu hayaruhusu zaidi.

Ligi za watu wazima za burudani ni dunia nyingine kabisa na ile unayoiona kwenye televisheni. Karibu zote zinakataza kumkumba mwenzako kwa mwili. Mechi zinachezwa usiku wa manane au karibu yake, maana saa za barafu ni ghali na saa nzuri wamepewa watoto. Wenyewe wanaziita ligi za bia, kutokana na kile kinachofuata baada ya filimbi ya mwisho. Usidanganyike na jina hilo ukadhani hakuna ushindani. Si unajua mechi za bonanza za maveterani kule nyumbani? Mzee wa miaka 50 anagombea kona kama anacheza fainali ya kombe.

Herufi zisizo na mizani

Kwa kukadiria tu, mgawanyo uko hivi. Daraja A ni waliocheza vyuoni, kwenye ligi kubwa za vijana, wengine hata kwa kulipwa. B ni waliokulia kwenye mchezo, wakacheza mpaka sekondari. C ni mchanganyiko: kuna waliocheza utotoni wakaacha miaka ishirini, na kuna walioanza ukubwani wakakaza buti. D ni waliojifunza wakiwa watu wazima. Chini yake kuna wanaoanza, ambao kusimama tu ni sehemu ya mazoezi.

Tatizo ni kwamba hakuna mwenye mizani ya herufi hizi. Kilo ya Mwanza ni kilo ya Montreal, lakini C ya Minnesota siyo C ya Texas. Kila uwanja unachukua watu wake, unawapanga kutoka aliye bora mpaka wa mwisho, kisha unakata vipande. Herufi inakwambia uko kipande cha ngapi kati ya watu wa mji huo. Haikwambii unajua nini. Ni sawasawa na kusema "nilikuwa wa tano darasani". Darasa lipi? La shule ipi? Katika mji ambao kila mtoto alipewa viatu vya barafu akiwa na miaka minne, aliye C anaweza kuhamia mji wa joto wenye uwanja mmoja wa barafu na kuonekana mfalme. Ndiyo maana wahamaji wanapata shida kuliko wote: wanabeba herufi ya kule walikotoka kana kwamba ni cheti.

Halafu kuna jambo la pili ambalo nadhani ndo chanzo cha ugomvi mwingi. Ukichukua urefu wa watu wazima ukauchora, unapata kilima kimoja: wengi katikati, wachache pembeni. Uwezo wa hoki ya watu wazima, kwa maoni yangu, una vilima viwili. Kimoja ni cha waliokulia kwenye barafu, kingine ni cha walioanza ukubwani. Kati yao kuna bonde. Mstari wa kutenganisha C na D mara nyingi unapita humohumo bondeni, na anayeangukia bondeni hana kwao: huku ni mzuri mno, kule ni dhaifu mno.

Kwa nini vilima viwili? Kwa sababu mchujo huanza mapema mno. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika ligi za juu za vijana wa Kanada, waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi kupita kiasi ukilinganisha na waliozaliwa mwisho wa mwaka. Siyo nyota. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka unaanza Januari mosi. Mtoto wa Januari amemzidi wa Desemba karibu miezi kumi na miwili, na ukiwa na miaka minane hiyo ni tofauti ya kimo, nguvu na akili. Wa Januari anachaguliwa, anapata kocha mzuri na saa nyingi za barafu, pengo linapanuka. Wa Desemba anaambiwa hawezi. Baadhi ya hao wa Desemba unawakuta leo wana miaka 38, wako daraja C, na wana hasira fulani hivi.

Kwa nini mtengane?

Mtu anaweza kuuliza: si ni burudani, mbona msichezi wote pamoja?

Sababu ya kwanza imeandikwa na mchumi. Mwaka 1956 Simon Rottenberg aliandika makala kuhusu soko la wachezaji wa besiboli, na ndani yake kuna wazo ambalo wachumi wa michezo wanalitumia mpaka leo: mechi ina thamani pale ambapo matokeo yake hayajulikani. Timu ikiwa na nguvu kupita kiasi inaua soko lake yenyewe. Rottenberg alikuwa anafikiria watazamaji wanaonunua tiketi. Kwenye ligi ya bia hakuna watazamaji, labda mke wa mtu mmoja na mbwa wake. Anayenunua tiketi ni mchezaji mwenyewe. Akifungwa 11 kwa 1 mara nne mfululizo, msimu ujao hafanyi malipo, na uwanja unapoteza pesa. Kwa hiyo daraja siyo tuzo. Ni mapatano ya kuhakikisha kwamba saa nne na nusu usiku bado kuna kitu cha kugombea.

Sababu ya pili ni fizikia. Nishati ya mwendo inaongezeka kwa mraba wa kasi. Mchukue mtu mwenye kilo 90 pamoja na vifaa vyake. Akiteleza mita 4 kwa sekunde, kama kilomita 14 kwa saa, ana jouli 720. Akiteleza mita 8 kwa sekunde, ana jouli 2,880. Kasi imeongezeka mara mbili, kinachobidi kumezwa na ukuta, au na mbavu za mtu, kimeongezeka mara nne. Ukiwa umewahi kupanda bodaboda ya kijana mwenye haraka, hesabu hii mwili wako unaijua tayari.

Na hatari haitoki kwa mwenye kasi peke yake. Wawili wenye kasi wanaojua kusimama hupishana kwa upana wa kiganja bila tatizo. Mmoja wao anasoma bega la mwenzake, anajua ataelekea wapi. Anayeanza hana bega la kusomwa, maana hata yeye mwenyewe hajui anakoelekea! Mchezaji wa A akiingia kwenye mechi ya D anakadiria kwamba yule mbele yake atakata kushoto kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Yule anaanguka palepale. Kwa hiyo marufuku ya kukumbana inazuia kugongana kwa makusudi tu. Kule kwa bahati mbaya kunazuiwa na kupanga watu wanaofanana. Ligi nyingine zinaongeza sheria kwenye madaraja ya chini, kwa mfano kukataza shuti la kunyanyua gongo juu na kubamiza, kwa sababu anayelipiga hajui paki itaenda wapi na anayesimama mbele hajui kujikinga.

Haya, pima basi

Njia inayotumika zaidi ni kumuuliza mtu. Ulicheza wapi, mpaka umri gani, umekuwa kwenye barafu miaka mingapi? Njia hii watu huidharau lakini mimi naiheshimu. Historia ni kitu ambacho unaweza kukihakiki, na inabashiri vizuri kuliko unavyojiona. Viwanja vingine vinaongeza usiku wa majaribio: mnateleza, mnacheza kidogo, na watu wawili watatu wenye uzoefu wanaandika alama pembeni. Wanachotazama siyo mabao. Wanatazama kama unaweza kusimama kwa pande zote mbili, siyo ule wa kulia unaoupenda. Kama unaweza kurudi kinyumenyume ukageuka bila kupunguza mwendo. Kama unapokea pasi huku kichwa kiko juu. Mtu anayetazama paki iliyo miguuni pake ni wa chini, hata kama anateleza kwa kasi ya treni.

Sasa, sisi wa takwimu tutakuja na kauli yetu: mbona msitumie hesabu? Hesabu ipo, na ni nzuri. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, alitengeneza mfumo wa kuwapanga wacheza sataranji. Chama cha Marekani kiliupokea mwaka 1960 na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Hata orodha ya FIFA ya timu za taifa za wanaume, ile tunayoitazama kila mara kuona Taifa Stars au Harambee Stars wamepanda au wameshuka, tangu 2018 inatumia hesabu ya ukoo huohuo.

Wazo lake ni hili. Kila mchezaji ana namba. Tofauti ya namba inatoa matarajio ya matokeo: mkilingana, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya pointi, ukimzidi mwenzako 200, unatarajiwa kupata kama asilimia 76, ukimzidi 400, kama asilimia 91. Baada ya mchezo, namba zinasogea kulingana na mshangao. Ukimfunga mnyonge, unapata kiduchu. Mnyonge akikufunga, anakuvuna. Polepole namba zinatulia mahali pake.

Neno kubwa hapo ni "polepole". Mcheza sataranji anaweza kucheza mamia ya michezo kwa mwaka, na kila mchezo ni yeye peke yake. Timu ya hoki ya Jumanne inacheza labda mechi 20 kwa msimu. Chukua timu ambayo uwezo wake ni sawa kabisa na wapinzani wake wote, na tusahau sare. Kwa bahati tupu, karibu mara 19 kati ya 20, itamaliza msimu na ushindi wa kati ya mechi 6 na 14. Yani timu mbili zenye uwezo uleule zinaweza kumaliza moja ikiwa na ushindi 14 inapandishwa daraja kwa shangwe, nyingine na 6 inashushwa kwa aibu, na hakuna lolote lililotokea zaidi ya sarafu kurushwa.

Mbaya zaidi, mabao ni machache. Idadi ya mabao kwenye mchezo wa namna hii inafuata vizuri kiasi hesabu ya Poisson, Mfaransa wa karne ya 19. Tuseme timu yenu ina wastani wa mabao 4 dhidi ya wapinzani fulani, na wao wana wastani wa 3. Hiyo ni tofauti ya kweli, robo nzima. Mkicheza mechi 100, mtashinda 57 na ushee, mtatoka sare 14 na ushee, na wao, walio dhaifu, watawafunga mara 28 na ushee. Kwa hiyo ukipoteza Jumanne moja usianze kutafuta mchawi.

Na hapo hatujamgusa kipa. Kipa anayeona mashuti 25 kwa mechi ataona 500 kwa mechi 20. Kama uwezo wake halisi ni kuzuia 88 kati ya 100, bahati peke yake inaweza kumwonyesha msimu huo kuwa wa 85 au wa 91. Wa 85 wanamlaumu chumba kizima. Wa 91 anaambiwa apande daraja. Ni mtu yuleyule.

Kisha kuna tatizo ambalo Elo hakulipata kwenye sataranji: anayejiandikisha ni mtu, lakini anayeshinda ni timu. Ili kujua mchango wa mtu mmoja inabidi umwone akicheza na watu tofauti, dhidi ya watu tofauti, mara nyingi. Ligi ya bia inafanya kinyume: marafiki walewale, kwenye benchi lilelile, miaka kumi. Kwa takwimu zao huwezi kumtenganisha mmoja na mwingine, kama vile huwezi kujua kati ya nyanya na kitunguu ni kipi kilichokoleza mchuzi ikiwa kila siku unavitia vyote viwili.

Mamluki

Pamoja na yote hayo, kuna mtu mmoja ambaye hahitaji takwimu kumtambua. Waliocheza ndondo wanamjua: mamluki. Timu inaingia na wachezaji wake wa kila siku, halafu robo fainali anatokea kijana ambaye hakuna aliyewahi kumwona, ana miguu ya ligi kuu, na jina lililoandikwa kwenye fomu siyo lake. Hoki ya barafu inao wa kwake, pamoja na binamu yake, yule anayeficha makali: yuko daraja D msimu wa tatu sasa, ana mabao 40, na kila akiulizwa anasema "mimi bado najifunza".

Kwenye barafu mtu kama huyu anaumiza zaidi kuliko kwenye mpira wa miguu wa mtaani. Uwanja ni mdogo, wachezaji ni watano, na mtu akiwazidi wenzake sana kwa kuteleza hahitaji pasi ya yeyote. Anaichukua paki nyuma ya goli lake na anakwenda nayo mpaka mwisho. Wastani wa timu yake unaweza kuwa wa D kabisa. Wastani unadanganya. Wanane wa chini kabisa na mmoja wa juu sana wanatoa wastani wa kawaida na mechi ya hovyo.

Ligi zimebuni dawa za kienyeji. Nyingi zinadai mchezaji awe amecheza idadi fulani ya mechi za msimu kabla ya kuruhusiwa kwenye mtoano, na hiyo inamzuia mamluki wa robo fainali. Nyingine, kwenye madaraja ya chini, zinaweka kikomo cha mabao kwa mtu mmoja kwa mechi. Bingwa anapandishwa atake asitake. Kila dawa ina madhara yake: ukiwapandisha mabingwa wote, timu iliyobebwa na bahati, ile yenye ushindi 14 wa sarafu, inaenda kuchinjwa juu.

Dawa ninayoipenda kuliko zote iko kwenye mchezo mwingine. Gofu ina kawaida ya kumpa mchezaji dhaifu mapigo ya nafuu ili ashindane na mzuri, kwa hiyo kujifanya dhaifu kuna faida. Mfumo wa dunia wa gofu, ulioanza 2020, unachukua raundi zako 20 za mwisho, unachagua 8 zilizo bora, na wastani wa hizo 8 ndo kipimo chako. Ona ujanja wake: ukicheza vibaya makusudi raundi tano, hazihesabiwi. Ili ujishushe inabidi ucheze vibaya muda mrefu sana, na nani ana nguvu hiyo? Kinachopimwa ni unachoweza siku yako ikiwa nzuri. Hoki haiwezi kunakili moja kwa moja, kwa kuwa mchezaji wa gofu anapimana na uwanja, na uwanja haubadiliki. Mchezaji wa hoki anapimana na watu. Lakini roho ya kanuni inafaa. Msimamizi mwenye akili hamhukumu mtu kwa mechi zake za kivivu. Anamhukumu kwa ile zamu moja ambayo timu ilikuwa nyuma kwa bao moja na yeye akasahau kujificha.

Madaraja yanahitaji watu

Kuna njia ya kumaliza ugomvi wote: ongeza madaraja. C1, C2, C3. Miji mikubwa ya hoki hufanya hivyo. Piga hesabu uone kwa nini wengine hawawezi. Daraja lenye timu sita, kila timu wachezaji 15 na kipa, linataka watu 96. Madaraja manne, 384. Manane, 768, na saa za barafu za kuwatosha wote. Ukiwa na watu 100, una daraja moja, na ndani yake yumo aliyecheza chuo kikuu na yumo aliyeanza Februari.

Nairobi wanalijua hili. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa 2005, na ni mdogo kuliko uwanja wa kawaida. Juu yake ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakavaa jezi moja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikaingia katika shirikisho la kimataifa kama mwanachama mshiriki. Lakini kwa uwanja mmoja na wachezaji wa kuhesabika, swali la A au C halina maana. Mnagawana nusu kwa nusu palepale, na usawa unaupata kwa njia ya chandimu: manahodha wawili wanachagua kwa zamu, mmoja mmoja. Njia hiyo, kwa njia, ni bora kuliko watu wanavyodhani. Ligi kadhaa za Amerika zinaitumia kwa makusudi; wachezaji wote wanaingia kwenye kapu moja, manahodha wanachagua kila msimu upya. Marafiki wanatenganishwa na wananung'unika, lakini timu zinalingana, na yule wa takwimu anafurahi kwa sababu hatimaye nyanya na kitunguu vimepikwa kwenye vyungu tofauti.

Wengine wanakata kwa umri. Mchora katuni Charles Schulz, baba wa Snoopy, alijenga uwanja wa barafu Santa Rosa, California, uliofunguliwa 1969, na tangu 1975 hapo hufanyika mashindano ya wazee, kuanzia miaka 40 kwenda juu, yakigawanywa kwa umri. Umri una sifa moja ambayo herufi hazina: upo kwenye kitambulisho. Ila mwenye miaka 60 aliyecheza chuoni bado atamzunguka mwenye miaka 40 aliyeanza mwaka jana, kwa hiyo hata humo makundi ya uwezo yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Fomu bado iko wazi

Turudi kwenye fomu yako. Kama kuna sehemu ya maelezo, usiandike herufi tupu, andika historia: umeanza ukiwa na umri gani, umeteleza miezi mingapi, unasimama kwa upande mmoja au miwili, uliwahi kucheza mechi yenye refa au hapana. Mpigie msimamizi, umuulize kitu kimoja ambacho tovuti hazisemi: mwaka jana mechi za daraja hilo ziliisha kwa tofauti ya mabao mangapi? Akikwambia nyingi ziliisha kwa bao moja au mawili, daraja limepangwa vizuri. Akianza kukusimulia juu ya "timu moja hivi yenye nguvu", umeshaelewa. Omba kucheza kama mbadala mechi mbili tatu kabla ya kulipa msimu; ligi nyingi zinaruhusu. Na ukiwa njia panda kati ya mawili, kama wewe ni wa kujifunza ukubwani, mimi ningechagua la chini, kwa sababu kupanda katikati ya msimu ni barua pepe moja, na mkono ukivunjika ni wiki sita.

Kama wewe ni kipa, basi haya yote uliyosoma hayakuhusu sana. Makipa ni adimu kila mahali, ligi nyingi huwapunguzia ada au huwasamehe kabisa, na hakuna atakayekuuliza herufi. Utapigiwa simu saa tatu usiku na mtu usiyemjua: "Uko huru saa nne na nusu? Ni mechi ya B, lakini usijali."